Antiokia Hawakungoja Picha

SOMO LA WIKI KWA VIKUNDI VYA NYUMBANI

Andiko kuu: Matendo ya Mitume 11:27-30
Soma pia: Isaya 58:3-7, Nehemia 5:1-5, Yakobo 2:14-17, 2 Wakorintho 8:12-21



Somo hili linaendeleza mahubiri ya Jumapili iliyopita. Kabla hujasoma zaidi, fungua Biblia yako kwenye andiko kuu ulisome polepole. Ni mistari minne tu. Wengi wetu tumezoea kuipita haraka tukikimbilia sura ya 12, Petro atoke gerezani. Wiki hii tusiipite.

MAMA ALIYEANGUKA

Miaka michache iliyopita, mwezi wa Mei, kanisa letu lilitangaza mfungo wa siku tatu. Tulianza Jumatatu. Jumanne jioni, maombi yakiwa yamepamba moto, mama mmoja wa idara ya akina mama alianguka chini. Sisi Wapentekoste hatushangai mtu akianguka. Akina dada walimfunika leso. Wengine walinena kwa lugha. Mwingine akaanza kukemea pepo, na mimi ninayeandika somo hili nilikuwa upande wa waliokemea, tena kwa sauti.

Mama hakuamka. Ndipo dada mmoja ambaye ni muuguzi akapenya katikati yetu, akapiga magoti, akamshika mkono, akauliza: "Huyu mama alikula lini mara ya mwisho?" Tukatazamana. Mtoto wake wa miaka tisa, aliyekuja naye kanisani, akajibu: "Jumamosi."

Kumbe mama aliingia kwenye mfungo wetu akiwa na njaa ya tangu Jumamosi. Kidogo kilichokuwa nyumbani aliwapa watoto. Aliletewa uji wa wimbi wenye sukari, akanywa taratibu, akakaa. Hakukuwa na pepo pale. Kulikuwa na njaa. Sisi tulikuwa tumefunga kwa hiari, yeye alikuwa amefungwa na njaa, na hakuna kati yetu aliyejua tofauti.

Nyumba yake haiko mbali na kanisa. Njia ya kwenda kwake ina migomba pande zote, majani chai na maparachichi. Huku kwetu Kisii na Nyamira mvua hunyesha karibu mwaka mzima. Mgeni akipita kutoka Keroka hadi Ogembo atasema hapa njaa haiwezi kuingia. Lakini huyu mama kipande chake cha shamba alikuwa amekikodisha ili mtoto wa kwanza aingie Kidato cha Kwanza. Alikuwa akichuma chai ya watu, na wiki ile hakuitwa kazini. Ukisoma Nehemia 5:1-5 utakuta watu hao hao: wameweka rehani mashamba yao wapate nafaka. Habari hii ni ya zamani, na ni ya leo.

Usiku ule sikulala vizuri. Isaya 58 ilinihubiria mimi niliyezoea kuwahubiria wengine. Swali likawa: kama njaa inaweza kujificha mita chache kutoka madhabahuni, katika nchi ya kijani kibichi namna hii, je, huko duniani imejificha wapi, na nani anapaswa kuitafuta?

NJAA YA DUNIA NZIMA, SIKU ZA KLAUDIO

Tuingie kwenye Neno. Manabii walishuka kutoka Yerusalemu mpaka Antiokia. Mmoja wao, Agabo, akaonyesha kwa Roho kwamba njaa kubwa inakuja juu ya dunia yote. Luka anatuambia ilitokea kweli siku za Klaudio, kaisari aliyetawala kuanzia mwaka 41 hadi 54.

Mwanahistoria Myahudi wa karne ile, Yosefo, ameandika pia juu ya njaa ya Yerusalemu ya siku hizo. Anasimulia kwamba Malkia Helena wa Adiabene, nchi iliyokuwa sehemu ya Iraki ya leo, alifika Yerusalemu akakuta watu wanakufa. Alituma watumishi wake Misri wakanunue nafaka, na wengine Kipro walete tini kavu, akawagawia wenye njaa.

Hebu tulia hapo kidogo. Nafaka ilikuwepo Misri. Tini zilikuwepo Kipro. Watu wa Yerusalemu walikufa kwa sababu hawakuwa na fedha za kununua kilichokuwepo. Karibu miaka 1,900 baadaye, mwaka 1981, mwanauchumi wa India, Amartya Sen, aliandika kitabu akionyesha jambo lilo hilo katika njaa ya Bengal ya mwaka 1943: chakula kinaweza kuwepo nchini na bado watu wafe kwa mamilioni, maana mshahara wao hauwezi tena kukifikia. Mama wetu alipita chini ya ndizi za watu akienda kuomba. Chakula kilikuwepo. Hakikuwa chake.

Ndivyo ilivyo duniani leo. Ukichukua chakula chote kinachopatikana duniani ukakigawa sawasawa, kila mtu angepata karibu kalori 3,000 kwa siku, zaidi ya anazohitaji mtu mzima wa kawaida. Hata hivyo Umoja wa Mataifa ulikadiria kwamba mwaka 2024 watu wapatao milioni 673 walikuwa na njaa. Kwa Afrika ni zaidi ya mtu mmoja katika kila watano. Na mwaka 2022 peke yake dunia ilitupa tani bilioni moja na zaidi za chakula, majumbani, hotelini na madukani.

Kwa hiyo tusimsingizie Mungu kwamba amesahau kuleta mvua ya kutosha dunia yake. Mahali pengine mvua hukosa kweli, nasi tutafika huko. Lakini njaa inapodumu mwaka hadi mwaka huku chakula kipo, shida imehamia kwa watu. Antiokia wanatufundisha mambo matatu.

1. WALIAMINI ONYO KABLA YA KUONA MAITI

Angalia mpangilio wa mistari. Agabo anasema njaa inakuja. Wanafunzi wanaazimia kutuma msaada. Luka haandiki kwamba walingoja wajumbe waje na habari za vifo, wala kwamba walitaka kwanza waone watoto waliokonda. Neno la onyo liliwatosha.

Sisi je? Tangu mwishoni mwa mwaka 2010 wataalamu walionya kwamba Somalia inaelekea kwenye njaa kali. Ripoti zilitoka moja baada ya nyingine. Dunia ilizisoma ikaziweka kando. Tarehe 20 Julai 2011 Umoja wa Mataifa ulitangaza rasmi baa la njaa kusini mwa Somalia, picha zikajaa kwenye televisheni, ndipo fedha zikamiminika. Wakati huo wengi walikuwa wamekwisha kuzikwa. Utafiti uliotolewa mwaka 2013 ulikadiria waliokufa kuwa takriban watu 260,000, nusu yao wakiwa watoto chini ya miaka mitano.

Ukame ule ule ulipiga kaskazini mwa Kenya. Wengi wetu tunaikumbuka Kenyans for Kenya, mwaka huo wa 2011. Wakenya walichanga kwa M-Pesa, hata watoto wa shule walileta sarafu, na lengo la shilingi milioni 500 likapitwa. Tulifanya vizuri na Mungu aliona. Lakini tuseme ukweli: sisi pia tulingoja picha.

Mwaka 2017 onyo kama lile lilitolewa tena kwa Somalia. Safari hiyo misaada mingi ilifika mapema, na baa la njaa likaepushwa. Ona sasa. Nchi ni ile ile, ukame ulikuwa mkali, lakini walioonywa walitii mapema.

Mungu ametupa akina Agabo wa siku zetu. Kenya ina Mamlaka ya Kitaifa ya Kudhibiti Ukame, iliyoundwa mwaka 2011, ambayo kila mwezi hutoa taarifa za kaunti kame: malisho yakoje, maji yako umbali gani, mbuzi anauzwa bei gani, watoto wangapi wamekonda. Kuna pia mtandao wa FEWS NET, ulioanzishwa na Marekani mwaka 1985 baada ya njaa ya Ethiopia. Januari 2025, Marekani iliposimamisha fedha za misaada, mtandao huo ulinyamaza kwa miezi kadhaa. Fikiria Agabo amesimama kutabiri, mtu akamziba mdomo. Anayekataa kusikia onyo hawezi kudai baadaye kwamba hakuambiwa.

Na onyo la nyumbani je? Mtoto wa Sunday school asiyetaka kwenda nyumbani mpaka chai na mkate vigawiwe, huyo ni Agabo mdogo. Mama aliyeacha kuimba kwaya ghafla. Mzee aliyeuza ng'ombe wa mwisho. Mtoto anayekula ugali na chai ya rangi siku nzima, tumbo limejaa lakini hakui. Takwimu za mwaka 2022 zilionyesha kwamba asilimia 18 ya watoto wa Kenya walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Hao hawapigwi picha na televisheni. Unawapita njiani ukienda kanisani.

2. KILA MTU KWA KADIRI YA ALIVYO NAVYO

Jambo la pili: Luka anaandika kwamba kila mmoja wao alitoa kulingana na uwezo wake. Hakukuwa na tajiri mmoja wa Antiokia aliyeachiwa mzigo wote. Wala maskini hakukamuliwa. Paulo analieleza hilo zaidi katika 2 Wakorintho 8:12-15: lengo ni usawa, kilichozidi huku kifidie kilichopungua kule, na siku nyingine mambo yanaweza kugeuka.

Hapa kuna neno kwa mataifa. Anayeweza zaidi anawajibika zaidi. Ukame wa Pembe ya Afrika ulioanza mwisho wa 2020 ulikosesha mvua misimu mitano mfululizo. Kwetu Kenya zaidi ya watu milioni 4 wa kaunti kame walihitaji msaada wa chakula, na zaidi ya mifugo milioni 2 ilikufa. Wanasayansi wanatuambia ukame wa namna hiyo unazidishwa na joto la dunia. Sasa Afrika nzima hutoa chini ya asilimia 5 ya hewa ya ukaa inayopasha dunia joto. Mfugaji wa Turkana hana kiwanda. Hajawahi kupanda ndege. Lakini bili ya joto imeletwa mlangoni kwake. Mataifa yaliyotajirika kwa moshi wa viwanda yanapotoa chakula Turkana, yasidhani yanatoa sadaka tu. Sehemu yake ni deni.

Mwaka 1970 mataifa tajiri yaliahidi katika Umoja wa Mataifa kutoa asilimia 0.7 ya pato lao kusaidia nchi maskini. Ni machache tu yaliyowahi kufika hapo. Mwaka 1974, kwenye mkutano wa chakula kule Roma, waliahidi kwamba ndani ya miaka kumi hakuna mtoto atakayelala njaa. Miaka kumi ilipita. Mwaka 1996, Roma tena, waliahidi kupunguza idadi ya wenye njaa iwe nusu ifikapo 2015. Ikapita. Sasa tunaambiwa njaa itaisha 2030.

Lakini tusiwanyooshee Wazungu kidole huku vidole vitatu vikitutazama. Mwaka 2003, huko Maputo, viongozi wa Afrika waliahidi kutenga angalau asilimia 10 ya bajeti za serikali zao kwa kilimo. Nchi nyingi hazijafika. Mwaka 2014, huko Malabo, waliahidi kumaliza njaa Afrika ifikapo 2025. Mwaka huo umefika na njaa ipo. Na Sudan, tangu tarehe 15 Aprili 2023, vita vya majenerali vimewafukuza wakulima mashambani, na Agosti 2024 baa la njaa likathibitishwa katika kambi ya Zamzam kule Darfur. Hapo bunduki ndiyo iliyofunga ghala. Kwetu Kenya, Katiba ya 2010, Kifungu cha 43, inasema kila mtu ana haki ya kutokuwa na njaa. Haki, wapendwa, si hisani ya mwanasiasa wakati wa kampeni. Mkristo anayehudhuria kikao cha umma cha bajeti ya kaunti akauliza pesa za kilimo ziko wapi, anafanya kazi ya Mungu kama yule anayebeba gunia.

Halafu kuna neno kwa kanisa, na hili ni gumu kuliandika. Jumapili ile kabla ya mfungo, yule mama alitoa sadaka. Alitoa shilingi hamsini. Tulikuja kujua baadaye, kwa kinywa chake mwenyewe, wala hakulalamika. Tulipokea hamsini ya mtu ambaye hakuwa amekula, tukaihesabu pamoja na nyingine, tukaandika kwenye kitabu, tukafunga. Yeye alitoa kupita uwezo wake. Sisi wenye ng'ombe wa maziwa na bonasi ya chai, je, tulitoa kwa kadiri ya tulivyo navyo?

Hatumkatazi maskini kumtolea Mungu. Lakini kanisa linalojua kupokea tu na halijui kurudisha, Antiokia wangelishangaa.

3. WALIPELEKA KWA MIKONO INAYOAMINIKA

Jambo la tatu: msaada ulipelekwa kwa wazee wa Uyahudi kwa mkono wa Barnaba na Sauli. Majina yametajwa. Waliopeleka wanajulikana na waliopokea wanajulikana. Baadaye Paulo, kwenye mchango mwingine, anaeleza alivyojihadhari ili mtu asije akawa na la kusema kuhusu fedha zile (2 Wakorintho 8:20-21).

Kwa nini Roho Mtakatifu alihifadhi jambo dogo kama hilo? Kwa sababu njaa nyingi hudumu katikati ya mtoaji na mhitaji. Chakula hutoka, lakini hakifiki. Tumesikia habari za mahindi ya msaada kuonekana sokoni yakiuzwa. Tumeona orodha ya wahitaji ikianza na jamaa za mwenye orodha. Mtu akiona hivyo mara mbili, mara ya tatu hatoi tena, na anayeumia si mwizi. Anayeumia ni mwenye njaa.

Tusiende mbali. Ukienda sokoni Daraja Mbili, au Kebirigo, au soko lolote la kwetu, utakuta gorogoro iliyobonyezwa chini. Kwa macho ni gorogoro, lakini haijazi. Mnunuzi ni mama mwenye watoto watano, naye analipa bei ya gorogoro nzima. Soma Amosi 8:4-6 utaona Mungu analionaje hilo. Ndugu, kama wewe ni mfanyabiashara na ni mshirika wa kanisa hili, kesho asubuhi inyooshe gorogoro yako. Hiyo ni toba inayoonekana.

VISINGIZIO VITATU TUNAVYOVISIKIA

Cha kwanza: "Njaa ni dalili ya siku za mwisho, lazima itimie." Ni kweli Yesu aliitaja (Mathayo 24:7). Lakini ya Agabo nayo ilikuwa unabii! Antiokia hawakusema, "Roho amesema, acha itimie." Walielewa kwamba Mungu akikuonyesha njaa kabla haijafika, anakupa nafasi ya kujipanga. Yusufu pia alielewa hivyo (Mwanzo 41). Alijenga maghala.

Cha pili: "Yesu mwenyewe alisema maskini hawataisha." Soma pale alipokuwa akirejelea, Kumbukumbu la Torati 15:11. Kwa sababu maskini hawataisha, ndiyo maana Mungu anaamuru mkono ufunguliwe. Sisi tumechukua nusu ya kwanza tukaiacha ya pili.

Cha tatu: "Tuna shida zetu hapa, ya Turkana ni ya serikali." Huyu naye ana hoja. Sensa ya mwaka 2019 ilionyesha Kisii ina zaidi ya watu 900 kwa kila kilomita mraba. Mashamba yamegawanywa mpaka yamekuwa vipande. Lakini sisi wenyewe tunalishwa na wengine. Mahindi mengi tunayonunua hutoka Transmara, na mengine huvuka mpaka Isebania kutoka Tanzania. Vita vilipoanza Ukraine mwaka 2022, bei ya mfuko wa mbolea ilipanda mpaka zaidi ya shilingi 6,000, na mkulima wa Nyamira asiyejua Ukraine iko wapi akapanda bila mbolea. Dunia imekuwa risaga moja, kama ile ya mababu zetu: leo majirani wanalima kwangu, kesho tunalima kwako. Anayekula kwenye risaga halafu siku ya kulima kwa mwenzake akajificha, wazee wetu walijua la kumwambia.

TUNAANZIA WAPI?

Baada ya tukio la yule mama, wazee wa kanisa walikaa. Tulikubaliana kwamba mavuno yakitoka, kila nyumba iliyovuna italeta gorogoro moja ya mahindi. Nyumba 150, gorogoro ya kilo mbili kila moja, ni kilo 300, zaidi ya magunia matatu ya kilo 90. Si kitu kikubwa. Lakini kati ya Aprili na Juni, kabla mahindi mapya hayajakomaa, magunia matatu yanaweza kuzuia watu wengi wasianguke.

Mwaka wa kwanza tulishindwa. Tulikusanya kwa shangwe, tukaweka chumba cha nyuma, na ilipofika Machi fukusi walikuwa wameabudu kabla yetu. Mahindi hayakuwa yamekauka. Tulijifunza kwa aibu kwamba upendo pia unahitaji maarifa. Sasa kila anayeleta tunapima: tia mahindi kidogo na chumvi kavu ndani ya chupa kavu, funga, tikisa, acha kwa dakika chache. Chumvi ikishika kwenye chupa, mahindi bado yana maji, rudisha juani. Yakikauka vizuri tunayatia kwenye mifuko isiyopitisha hewa. Funguo za chumba ni mbili, watu wawili tofauti, na kitabu kinasomwa mbele ya kanisa kila mwezi. Majina ya waliopewa hayasomwi. Hiyo ni heshima yao.

Sehemu ya pili ni fedha. Kila robo mwaka tunatenga fungu la sadaka kwa ajili ya wenzetu wa mbali, na tunalituma kwa wazee wa kanisa huko kwenye ukame ambao tunawajua na wanaoleta hesabu. Tunasoma taarifa ya ukame kwenye maombi ya Jumatano. Zamani tuliombea "wote wenye njaa duniani" tukasema Amina tukaenda kunywa chai. Siku hizi tunajua tunamwombea nani. Kwa mfano mwaka 2025, mgao wa chakula kwa wakimbizi wa Kakuma na Dadaab ulipunguzwa hadi chini ya nusu kwa kukosa fedha za wafadhili. Hao wako ndani ya Kenya yetu.

Magunia yetu matatu hayatamaliza njaa ya watu milioni 673. Mchango wa Antiokia pia haukumaliza njaa ya Klaudio. Lakini kuna watu wa Uyahudi waliokula kwa sababu yake, na kanisa la Mataifa likajulikana Yerusalemu kwa matendo. Inafaa kukumbuka kwamba ni Antiokia hiyo hiyo ambako wanafunzi waliitwa Wakristo kwa mara ya kwanza. Soma mstari wa 26, halafu endelea moja kwa moja na wa 27. Jina lilikuja, na kazi ikafuata papo hapo.

Yule mama bado yuko nasi. Shamba lake lilirudi msimu uliopita. Mavuno yalipotoka, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuleta gorogoro, tena imejaa hadi kumwagika. Aliiweka mezani akasema, "Hii ni ya yule ambaye hajasema."

MASWALI YA KUJADILI

1. Katika Matendo 11:27-30, ni nini kilichowafanya Antiokia waamue kabla njaa haijafika? Sisi hungoja nini?
2. Kwa nini yule mama hakumwambia mtu yeyote? Je, ushuhuda zetu za Jumapili zinampa nafasi mtu wa kusema, "Jana tulilala njaa"?
3. Soma Yakobo 2:14-17. Taja maombi moja tuliyoomba mwaka huu ambayo tungeweza kuyajibu kwa mikono yetu.
4. Nani anawajibika zaidi kwa njaa ya kaskazini mwa Kenya: mataifa tajiri, serikali yetu, kaunti, kanisa? Kila mmoja anawajibika kwa lipi?

KAZI YA WIKI

Kila kikundi cha nyumbani kitembelee nyumba mbili za eneo lake bila kutangaza. Msiende mikono mitupu, wala msiende na kamera. Kaeni, mwongee, mwangalie kama jikoni kuna moshi. Mleteeni shemasi taarifa kabla ya Jumapili.

TUOMBE

Baba, tusamehe kwa kukemea pale ulipotaka tulishe. Tufungue masikio tusikie onyo likiwa bado onyo. Wakumbuke wa Sudan, wa Somalia, wa Turkana na wa Kakuma, na wale walio karibu nasi ambao hawajasema. Wape wanaotawala hofu yako wakipanga bajeti. Nyoosha vipimo vyetu. Tupe mkono ulio wazi na kitabu kilicho safi. Katika jina la Yesu Kristo, Amina.